Wakuu, mke wangu amenasa kwenye wimbo mmoja wa kizungu. Nifanyeje?

Mzee wa Kimara: Habari za usiku wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba ushauri, matusi sitaki. Wife (miaka 9 ya ndoa) alimaliza kuangalia Stranger Things msimu wa 4, ile yenye binti anayening'inia hewani, wenzake wanamwekea wimbo anaoupenda ndipo anarudi. Tangu hapo ni wimbo huohuo. Anapika, upo. Anapiga pasi, upo. Juzi nimeamka saa tisa usiku nikamkuta sebuleni gizani, simu kaibana sikioni, machozi yanamtoka. Nimefuatilia, ni Kate Bush, Running Up That Hill. Huyu ni mtu wa taarabu na kwaya, mambo ya wazungu kayatoa wapi? Ni mapepo, au nikate tu kifurushi cha intaneti?

Fundi Redio: Mapepo gani mkuu. Huo wimbo ni wa 1985. Uingereza ulifika namba 3, ukaenda zake kulala. Juni 2022, baada ya hiyo hiyo tamthilia, ukapanda mpaka namba 1. Miaka 37! Walioupandisha wengi hata hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Mnunulie shemeji spika nzuri.

Mtumishi wa Kweli: Nyimbo za dunia ni mlango. Fungeni siku tatu, wote wawili.

Kijana wa Buza: Uza TV mkuu. Inchi ngapi? Nipo inbox.

Mama Wawili: Mie yalinikuta kwa filamu ya Ghost. Kibanda umiza cha mtaani kwetu Tanga, mkalimani kashika kipaza sauti, pale wanapofinyanga chungu yeye ndiyo kapamba moto: "Hapo sasa jamaa anamwambia, mpenzi, huu udongo ni mimi na wewe..." Wimbo wenyewe sikuambulia hata mstari, kaufunika wote na domo lake. Miaka ikapita. Siku moja niko kwenye daladala, redioni wakaweka Unchained Melody, nikaona chungu kinazunguka mbele yangu, na kaka mmoja niliyekaa naye benchi moja siku ile. Nikapitiliza kituo. Kumbe wa Righteous Brothers, 1965, ile filamu ya 1990 ndiyo ikaurudisha mpaka ukawa namba 1 Uingereza. Muulize mkeo huo wake unamrudishia nani.

Mzee wa Kimara: Dada umeniongezea presha. Kwa hiyo kuna mwanaume?

Binti Kamusi: Umewahi kusikiliza maneno yake lakini? Anaimba kwamba angeweza, angeweka mapatano na Mungu, yeye na mwanaume wake wabadilishane nafasi, kila mmoja aonje ya mwenzake. Kate Bush alitaka uitwe A Deal with God, kampuni ikaogopa nchi za watu wa dini hazitaupiga. Hapo hakuna mchepuko mkuu. Kabla ya hiyo tamthilia, nini kilitokea hapo nyumbani?

Mzee wa Kimara: Hakuna kitu. Maisha ya kawaida.

Binti Kamusi: Mkuu.

Mzee wa Kimara: Haya. Mwezi wa tatu aligundua nina mtoto nje, yuko Morogoro. Ila hilo lilishaisha, niliomba msamaha mbele ya wazee, yeye akanyamaza, na mwanamke akinyamaza amekubali. Msinipeleke huko, mimi nimeuliza habari ya wimbo. Halafu ile ni damu yangu, anakuja Jumamosi kuishi na sisi, tiketi ya treni nimeshakata.

Mama Wawili: Ana miaka mingapi? Na mkeo anajua ya Jumamosi?

Mzee wa Kimara: Sita. Atajua akimwona. Mtoto ana adabu, atampenda tu.

Mama Wawili: Ndoa tisa, mtoto sita. Na bado unatafuta mapepo.

Kijana wa Buza: CHAI. Nimepitia nyuzi zake. Mwezi wa kwanza aliuliza humu mahari ya binti wa Kipare inaenda ngapi, akasema hajawahi kuoa. Leo ana ndoa miaka 9. Halafu taarabu NA kwaya, hiyo dini ipi?

Mzee wa Kimara: Ule uzi nilimwandikia mdogo wangu, hana akaunti. Taarabu alikuwa nayo tangu kwao, kwaya ni baada ya ndoa. Nitunge haya ili nipate nini?

Kijana wa Buza: Mdogo wake! Leteni vitafunwa.

Fundi Redio: Chai au si chai, msiseme mambo ya wazungu tu. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, ni mzaliwa wa Zanzibar. Ngoma yao Bohemian Rhapsody ni ya 1975. Alifariki Novemba 1991, miezi michache tu mbele ikatoka filamu ya Wayne's World, ngoma hiyo imo, vijana wamebanana kwenye gari wanatikisa vichwa mpaka shingo zinataka kung'oka, na Marekani wimbo ukapanda hadi namba 2. Mwenyewe hakuiona hiyo chati.

Mtumishi wa Kweli: Fungeni siku saba.

Mzee wa Kimara: Chekeni tu. Ametoka chumbani sasa hivi, kapunguza sauti ya simu, akaniuliza treni ya Jumamosi inaingia saa ngapi. Sijamwambia mtu yeyote. Kasimama mlangoni anasubiri. Nimjibu nini?

Binti Kamusi: Mtajie saa.

Kijana wa Buza: Chai hii ina tangawizi. Ila ngoma nimeisikiliza mara nne, imetulia aisee. Nani ana nyingine kama hiyo?