Naomba ushauri: "kuteka nyara" au "kupora"?

Ndugu wanalugha, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Naandaa somo la historia kuhusu mwaka 1505, Wareno chini ya Francisco de Almeida walipoishambulia Kilwa, kisha Mombasa. Mombasa waliingia nyumba hadi nyumba, wakabeba mali na kuuchoma mji. Nimeandika "waliuteka nyara mji", mwenzangu akanikatalia: siku hizi, anasema, wanafunzi watadhani watu walitekwa ili idaiwe fidia.

Nimepekua kamusi. Nyara ni mali inayochukuliwa vitani, sawa na ngawira, kwa hiyo naona msemo wangu una asili yake. Lakini ndege nayo "hutekwa nyara", na hakuna anayebeba mali humo! "Kuteka" peke yake ni kuutwaa mji tu. "Walipora" naliona dogo, kama vijana wanaopora simu mtaani, na msiba ule haukuwa mdogo.

Je, "kuteka nyara" bado linabeba maana ya kuvamia na kuchukua mali, au limeshahama kabisa? Na nikiandika "waliuvamia mji wakachukua ngawira", kijana wa kidato cha pili atanielewa?

Natanguliza shukrani.