Wajukuu wa Kuka 🏁 Madereva wa 2026

ALHAMISI

Mama Tito 18:42
Watu wa Kuka, babu yetu, habari za jioni. Siku kumi zimebaki langalanga (Formula 1) ianze na mpaka sasa ni nyumba mbili tu zimeleta madereva wa ule mchezo wetu wa pointi. Mbili!! Kati ya saba. Mbio za kwanza, Melbourne, ni Jumapili tarehe 8 Machi saa moja asubuhi ya kwetu, tunatazamia kwangu Section 58 Nakuru, kila nyumba mia tano ya dikoda na chai, tuma kwa ile namba ya kila siku. Kila nyumba inachagua madereva wawili, hakuna kurudia, anayechelewa anakula makombo

Senje Rose 18:50
Langalanga hii ya hapa kwetu? Si nitembee tu na miguu

Brayo 18:51
😂😂😂 Senje si Langalanga ya estate, ni ya magari

Mama Tito 18:53
Brayo wacha kucheka utume mia tano

Mama Tito 18:58
Na msiseme madereva wameisha. Mwaka huu timu ni 11, madereva 22. Cadillac ndio wageni, wamechukua Pérez na Bottas, watu wazima wawili ambao 2025 hawakuanza mbio hata moja. Sauber imekuwa Audi lakini imebaki na Hülkenberg na Bortoleto. Red Bull wamempandisha Hadjar akae na Verstappen, Tsunoda amewekwa akiba, na pale Racing Bulls kuna kijana mpya Lindblad pamoja na Lawson. McLaren hawajagusa kitu. Sasa mnangoja nini

Tito 18:59
Antonelli ni wangu nilisema tangu Desemba

Mama Tito 19:00
Tito hiyo ni simu ya nani na kazi ya shule umemaliza?

Tito 19:01
Verstappen alianza 2015 akiwa 17 na hata leseni ya barabarani hakuwa nayo

Mama Tito 19:01
Rudisha simu ya baba yako

Baba Neema Kisumu 19:34
Nyumba ya Kisumu ni Hamilton. Asiguswe.

Brayo 19:36
Yule wa Ferrari ambaye 2025 hakupanda jukwaani Jumapili hata moja? 😂

Baba Neema Kisumu 19:40
Na zile mbio fupi za Jumamosi Shanghai alishinda nani, babako? Mataji saba ndugu yangu. Alitangaza Februari 2024 kwamba anahama, akamaliza mwaka mzima na Mercedes, akashinda nyumbani kwao Silverstone watu wakilia. Wewe ukipewa notisi kazini unafika hata saa nne?

Senje Rose 20:05
Jumapili saa moja na kanisa je

Mama Tito 20:07
Senje mbio kwa kawaida hazizidi masaa mawili, ibada ya pili utaipata

Senje Rose 20:08
Mimi ni wa ibada ya kwanza. Miaka thelathini.

Mercy 20:15
Halafu tarehe 8 Machi ni siku ya wanawake kwa hivyo chapati ni wanaume 💃🏾

Brayo 20:16
Wueh. Basi mimi nitatazamia kwa simu

Jose 21:17
Mimi naweka Lawson.

Brayo 21:18
Tena?? 😂😂 Mzee wa mbio mbili

Jose 21:29
Cheka tu. Lakini kwanza tumalize ya mwaka jana. Nilimchagua Lawson akiwa Red Bull, akaendesha Australia na China, hizo tu, wakamtoa wakampa Tsunoda kiti. Nikauliza hapa hapa, pointi zangu zinafuata mtu ama kiti? Mama Tito akasema mtu. Nikanyamaza. Alpine walipomtoa Doohan baada ya mbio sita wakaweka Colapinto, nyumba ya Brayo ikaruhusiwa kubadilisha siku hiyo hiyo na hakuna mtu aliuliza kitu

Brayo 21:31
Lakini Colapinto mwaka mzima hakupata pointi hata moja, sasa nilifaidika na nini aki

Jose 21:32
Sio pointi. Ni vile mnafanya

Mama Tito 21:35
Jose huu ni mchezo wa mbuzi wa Desemba tu, usiubebe hivyo

Jose 21:46
Na ile nissan ya Kuka niliyopewa niendeshe ilikuwa mchezo? Wiki mbili. Klachi yake ilikuwa inashikia chini kabisa hata sikuwa nimeizoea, mkanipokonya gari juu ya kioo cha pembeni kilichovunjika Gilgil, halafu Brayo akaigonga Salgaa mara mbili na akakaa nayo mwaka mzima. Gasly alitolewa Red Bull 2019 baada ya mbio 12, mwaka uliofuata akashinda Monza na AlphaTauri, timu ndogo. Lawson mwenyewe Baku alimaliza wa tano, na nyuma yake alikuwa huyo huyo Tsunoda aliyepewa kiti chake. Mtu akipewa muda anaendesha. Ni hiyo tu nilikuwa nataka, muda

Mama Tito 21:49
Ya nissan tusirudie hapa, Kuka yuko kwa grupu

Brayo 21:50
Ujumbe huu umefutwa

Baba Neema Kisumu 22:03
Hivi Sainz amechukuliwa? Huyo pia Ferrari walimwambia kiti hakuna, akapasuliwa apendiksi Jeddah, kijana wa miaka 18 Bearman akaingia kwa gari lake akawa wa saba, na wiki mbili baadaye Sainz akarudi akashinda Melbourne. Nampenda mtu kama huyo. Niandikeni Hamilton na Sainz

IJUMAA

Mercy 07:20
Habari za asubuhi. Kuka nilimsomea zote jana usiku. Leo ameniita kabla ya chai akasema niandike maneno yake vile yalivyo nisiongeze:

Mercy 07:26
"Hamjambo wajukuu. Gari nililichukua mimi. Si Mama Tito, si Brayo. Kukhu wenu alikuwa amelazwa, bili inapanda, nikasikia kioo kimevunjika nikaona gari lote limekwisha. Niliogopa. Ningemwita Jose nimwambie mwenyewe, sikumwita, nikatuma mtu. Ufunguo wake bado uko kwenye msumari wa mlango wa jikoni, ule wa kamba ya buluu. Sijampa mtu mwingine. Na huyo Lawson wa Jose aachwe amalize msimu."

Senje Rose 09:48
Asante Baba.

Baba Neema Kisumu 10:15
Mama Tito nimetuma 500, angalia

Mama Tito 10:31
Imeingia asante. Na asante Kuka. Basi Lawson ni wa Jose na hatoki. Lakini lazima tukubaliane kabla ya tarehe 8, dereva akitolewa katikati ya msimu nyumba inabaki na mtu ama inapata kiti? Andika 1 kama ni mtu, 2 kama ni kiti. Naomba mjibu, mko ishirini na tatu humu

Tito 10:33
1

Mama Tito 10:33
TITO SI UKO DARASANI

Senje Rose 11:10
Sijui hizo namba. Mimi niwekeeni yule Mhispania mzee, Alonso. Ananipendeza kwa vile hakati tamaa

Mercy 11:12
Senje huyo ni wangu nilimleta juzi 🙈

Senje Rose 11:13
Basi tutaonana Desemba

Brayo 12:54
Jose nimekupigia mara tatu. Shika simu basi

Jose 14:37
Nimesoma Kuka. Nitapita huko Kakamega Jumapili.

Mama Tito 14:40
Jumapili hii ama ile ya tarehe 8? Kwa sababu viti vya plastiki ni wewe ulikuwa ulete. Na dereva wako wa pili ni nani?

Mama Tito 17:05
Jose?