Naomba ushauri: historia ya reli ya Alamein, Melbourne, niipangeje?

Habarini ndugu zangu, hasa mlioko Melbourne. Naandaa kazi ya chuo kuhusu tawi la reli la Alamein na nimekwama kwenye mpangilio.

Tawi hili ni kipande kilichosalia cha Outer Circle, reli iliyofunguliwa 1890 na 1891 kutoka Oakleigh hadi Fairfield. Ilipita mashambani, abiria wa kuhesabu, na kufikia 1897 yote ilikuwa imefungwa. Wanasiasa wa enzi ile ya ulanguzi wa viwanja walikuwa na imani kweli! Mwaka 1898 treni zilirudi kati ya Camberwell na Ashburton, umeme ukafika 1924, na 1948 reli ikarefushwa hadi Alamein, jina la mapigano ya Misri ya 1942.

Kinachonivutia zaidi ni daraja la Mto Yarra. Lilijengwa kwa ajili ya treni za Outer Circle, likageuzwa barabara ya magari, sasa ni la waenda kwa miguu na baiskeli.

Je, nianze na daraja au nifuate miaka? Mhadhiri wangu anapenda tarehe kupita kiasi. Na aliyetembea njia ya Anniversary (ya miguu na baiskeli, inayofuata reli ya zamani) kutoka Alamein kuelekea Fairfield, alama gani za reli bado zinaonekana?