Msaada: picha za ujenzi zinaruka kati ya ya 14 na ya 15

Kijana wa Buza: Wakuu, heshima kwenu. Nina picha 22 za nyumba inayojengwa, nataka zicheze zenyewe na kujirudia: msingi, kuta, lenta, bati. Natumia GIMP, ile programu ya kuhariri picha. Mpaka ya 14 safi, ya 15 nyumba inaruka. Inatakiwa leo usiku.

Fundi Pikseli: Zifungue zote kama leya, yaani tabaka moja juu ya nyingine. Ya 15 ifanye iangaze kama pazia, isogeze mpaka pembe za nyumba zilalie za 14. Punguza upana ufike pikseli 480, maana GIF, hiyo faili ya picha zinazocheza, ina rangi 256 tu kwa fremu na bado faili huvimba. Wakati wa kuhifadhi weka milisekunde 500 kila picha. Kwenye jina la leya ya mwisho andika (2000ms), mtu apate kuliona bati.

Mama Urojo: Sisi Chukwani mdogo wetu alitutumia picha kila Ijumaa, miaka mitatu. Picha nzuri mno za mchanga. Mchanga upo mpaka leo.

Kijana wa Buza: Nimesogeza mkuu, dirisha la kushoto linagoma.

Fundi Pikseli: Dirisha halihami. Weka hizo mbili hapa tuone.

Kijana wa Buza: Ni mambo ya familia.

Fundi Pikseli: Basi bakia nalo.

Kijana wa Buza: Haya. Kuanzia ya 15 ni nyumba ya jirani. Dada yuko Muscat, hela anatuma yeye, na yetu imeishia kwenye lenta. Ila sijaila yote! Nilichukua bodaboda, inaingiza, Desemba napaua. Hii ni ya kumtuliza tu. Kwenye simu ni kadogo, hataona.

Mzee Kifimbo: Mwenzio anapika jikoni kwa watu joto lote lile, wewe unamtumia katuni. Unatafuta laana.

Ngosha: Boda ni ya mwaka gani? Naulizia tu.

Mpima Chai: Chai hii, tena ya rangi. Mwezi uliopita huyu huyu alikuwa na dada Canada anamletea gari.

Kijana wa Buza: Yule ni dada mwingine.

Mpima Chai: 😂😂 Sukari imezidi.

Mama Urojo: Chai au si chai, wa kwetu naye alinunua boda.

Kijana wa Buza: Tusitoke nje ya mada. Nikifanya ya 14 ififie taratibu ndani ya ya 15?

Fundi Pikseli: Hapo ndipo ataona madirisha matatu yakiyeyuka kuwa mawili. Na ingekuwa video angeitazama mara moja akaendelea na kazi. Hii inajirudia mbele ya macho yake mpaka aanze kuhesabu.

Kijana wa Buza: Kwa hiyo pale kwenye kujirudia nitoe tiki?