Mjadala: Aliyelipiwa kusomea tabianchi, swali la utafiti apangiwe na nani?

Mtepe Mkuukuu

Assalamu alaykum. Nina jambo limenikaa rohoni, naliweka hapa tulichambue.

Mpwa wangu, mtoto wa Pemba, kapata udhamini wa masta ya mazingira Ulaya. Ada inalipwa, tiketi inalipwa, posho kila mwezi. Nyumbani kulipikwa pilau, dua ikasomwa. Mambo yalipotulia nikamuuliza, mwanangu, utatafiti nini? Akasema kaboni iliyozikwa kwenye tope la mikoko. Nikasema vyema, mikoko ipo mpaka uani kwenu. Akaona haya. "Si ya kwetu, mjomba. Ya Chwaka, Unguja." Kumbe fedha zimekuja na mradi wa profesa, na mradi umeandikiwa Chwaka kwa kuwa profesa ana vipimo vyake vya zamani pale.

Sina ugomvi na Chwaka. Lakini ghuba ile imepimwa ikapimika: nyasi za bahari, mikoko, samaki wachanga, mwani. Mwaka 2012 kilitoka kitabu kizima juu yake peke yake, kinene, cha Kiingereza. Sasa nendeni kwenye mabonde ya mpunga ya Pemba yaliyoingiliwa na maji ya chumvi. Bonde alilokuwa akivuna bibi yake huyu huyu mtoto leo halioteshi hata mbegu aliyoitia. Tujenge tuta? Turudishe mikoko mbele ya bonde? Tubadili mbegu? Hapo simwoni mwenye udhamini.

Rai yangu ni hii. Kila mwaka shehia, yaani mitaa na vijiji vyetu, zitaje matatizo yao ya mazingira, yakusanywe pahala pamoja. Mwanafunzi yeyote aliyelipiwa masta au uzamivu, akija kuomba kibali cha utafiti Zanzibar, achague swali humo, au aeleze kwa nini hakuchagua. Na akimaliza arudi asimame mbele ya watu, aseme kwa Kiswahili alichokiona, aulizwe. Mnasemaje?

Karafuu Kavu

Mzee wangu, shikamoo. Umeanza vizuri, umemaliza pabaya.

Udhamini si wa namna moja. Kuna ule unaoomba wewe kama wewe, unajieleza, wanakupa. Chevening ya Uingereza ni hivyo: masta ya mwaka mmoja, na sharti lao ni urudi nchini kwako usipungue miaka miwili. Wa Commonwealth, Jumuiya ya Madola, nao wanataka ahadi ya kurudi. Lakini hizo masta nyingi ni za darasani, utafiti ni kijisehemu cha mwisho, miezi michache. Huwezi kuliokoa bonde la mpunga kwa miezi mitatu.

Halafu kuna nafasi inayotangazwa na mradi. Profesa kaandika andiko, kapigania fedha miaka miwili, kapata. Swali limo ndani ya andiko tayari. Wewe unaomba kama mtu anayeomba kazi. Ukimfuata na karatasi ya shehia atakwambia ahsante, halafu atamchukua mtoto wa Kwale, Kenya.

Na hiyo kaboni ya tope usiidharau. Hapo Gazi, Kwale, wanakijiji wanauza kaboni ya mikoko, yaani wanalipwa kwa kuitunza isirudi hewani, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na pesa zimeingia kwenye maji na vitabu vya skuli. Walifikaje? Kuna watu walikaa kwenye tope kwanza, wakalichimba, wakalikausha, wakalipima. Kaboni nyingi ya msitu wa mikoko haiko kwenye mti, iko chini. Mpwa wako anajifunza hesabu ambayo kesho Pemba itaihitaji.

Urojo wa Jioni

Mimi naomba tu kujua hiyo posho ni kiasi gani, kabla sijaamua niko upande gani. 😀

Taitai

Nimesoma nikacheka, kisha nikasikitika kidogo. Mimi ni wa kusini ya Pemba, mama yangu mkulima wa mwani tangu sijazaliwa. Mwani wa biashara ulianzia Unguja mwaka 1989, huko Paje, ukafika kwetu. Nimekua nikifunga taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, kwenye kamba kabla sijajua kuandika jina langu.

Nyumbani kwetu wamekuja watafiti, sina hesabu yao. Vijana wa heshima, wanavua viatu mlangoni, wana karatasi za maswali. "Bi, umeona mabadiliko ya tabianchi?" Mama anasema jua limekuwa kali, mwani unaungua. Anaandika. "Tangu lini?" Mama anasema tangu kotoni, ile aina moja ya mwani, ilipoanza kufa. Anaandika. Anakunywa uji, anaaga, anakwenda zake. Mwaka wa pili anakuja mwengine na karatasi ile ile, na mama anatoa jibu lile lile mpaka amelihifadhi. Siku moja kamwambia mmoja wao, "Mwanangu, muulize mwenzio wa mwaka jana, yeye anayo."

Kwa hiyo, Mtepe, nakubaliana nawe kuhusu kurudi. Kuhusu kupanga swali, subiri kwanza. Kotoni ndiyo yenye bei, lakini haivumilii maji ya moto. Ikipata joto inakuwa nyeupe, inakatika vipande vipande. Spinosamu, aina nyengine ya mwani, inavumilia, bei yake ndogo. Hilo wakulima walilisema wenyewe mapema, na watafiti walilisikia, wala sisemi uongo. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, kalifanyia kazi miaka: kupeleka kotoni kwenye maji ya kina kirefu yenye ubaridi, kwa nyavu za mfano wa bomba ili isikatike ikachukuliwa na mkondo. Mwani unaota.

Lakini maji ya kina yanataka chombo, na kina mama wengi wa kwetu hawajui kuogelea. Swali lilitoka kwetu, jibu likapatikana, likasimama mita chache kutoka ufukweni kwa sababu hakuna boti. Orodha ya shehia hainunui boti.

Mtepe Mkuukuu

Taitai mwanangu, umenipiga pahala panapouma. Lakini si ndiyo naisema mimi hiyo? Angekuwapo mtu wa masta akiuliza "kwa nini jibu halifiki", si angeiona boti?

Taitai

Angeiona. Angeandika sura moja juu ya boti. Kisha angeondoka kwa boti.

Dawati la Nyuma

Naomba nichangie upande wa mafaili, maana huko ndiko nilikozeekea.

Rai ya Mtepe inagusa kitu ambacho wengi hawakitazami. Fungueni Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Muungano ya 1977. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Utafiti ni jambo la Muungano. Utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano. Mazingira hayamo. Sasa mchukueni mtoto wa Kojani, Pemba, anayetaka kusoma mvua za vuli na uvuvi. Bahari anayoichungulia inasimamiwa na Zanzibar, takwimu za mvua ataziomba kwenye mamlaka ya Muungano, na udhamini wa nchi kwa nchi, kama ule wa Hungary, tangazo lake linapitia wizara ya elimu ya Muungano. Likifika Wete limeshapoa.

Pamoja na hayo, Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali cha utafiti, mbali na ule wa Bara. Kwa hiyo Mtepe kashika mpini ulipo. Hofu yangu ni namna atakavyoutumia. Sharti la kuchagua swali litazaa foleni, foleni itazaa mtu wa kuulainisha mlango. Sharti la kurudisha matokeo ni jepesi zaidi: huleti muhtasari wa kurasa tano kwa Kiswahili, hupati kibali kingine, na msimamizi wako vile vile hapati.

Tena tunazungumza kana kwamba fedha zote ziko Ulaya. Jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi ya Bahari ya Hindi, WIOMSA, ipo tangu 1993 na makao yake ni hapa hapa Unguja. Mpango wake wa MASMA, kwa fedha za Sweden, umekuwa ukitoa ruzuku za utafiti tangu 2000, na kuna ruzuku ndogo ya MARG ambayo kijana anaweza kuanzia. Wajerumani kupitia DAAD, shirika lao la udhamini wa masomo, wanalipia masta na uzamivu katika vyuo vya humu humu Afrika. Umoja wa Afrika una chuo chake, na tawi la maji na nishati liko Tlemcen, Algeria. Hata Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ni yetu wenyewe. Hiyo ukiiwekea vipaumbele hakuna wa kukuuliza.

Tulipopunjwa ni pahala pamoja. Ujerumani ilizisaidia nchi za Afrika Magharibi kuunda WASCAL, na za kusini kuunda SASSCAL, ndani yake wamo Angola, Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zambia. Vituo vya utafiti wa tabianchi pamoja na shule za kusomesha watu. Sisi huku Mashariki hatumo katika hicho wala kile.

Karafuu Kavu

Dawati, hapo nakupa mkono. Ila niongeze moja ambalo hakuna aliyethubutu kulitia mdomoni. Orodha ya shehia itaandikwa na nani? Na sheha, mkuu wa shehia. Sheha hachaguliwi na wanakijiji, anateuliwa. Fukwe iliyokatwa mikoko ili mtu ajenge, je, itaandikwa? Bonde lenye kesi ya ardhi litaandikwa? Litaandikwa tatizo la taka za plastiki, kwa sababu plastiki haina jina la mtu. Profesa wa mbali na ubaya wake wote, angalau hamwogopi mwenye hoteli.

Mtepe Mkuukuu

Wallahi hilo sikulifikiri. Nilifikiri mambo ya kijiji kama zamani, wazee barazani.

Basi niilegeze rai. Swali lisilazimishwe. Lakini kurudi kulazimishwe, na si karatasi peke yake, mtu asimame. Na vipimo vyenyewe, zile namba, nakala ibaki hapa, maktaba ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au popote panapofungika. Mimi nilichoka siku nilipoambiwa kuwa vipimo vya maji ya kisima cha kijiji chetu vipo, ila vipo kwenye kompyuta ya mtu aliyeko ng'ambo, na barua pepe yake haifanyi kazi tena.

Taitai

Kusimama nako kuna namna yake. Alikuja mmoja kweli, alirudi, tukamshukuru. Akatundika shuka jeupe, akaonesha michirizi ya rangi ikipanda na kushuka. Kina mama walikuwa wametoka kuvuna, wamerowa, wana njaa. Mama akaniuliza sikioni, "Huu mstari mwekundu ndio sisi?" Nikasema ndio. "Mbona unashuka?"

Alipomaliza akauliza kama kuna swali. Hakuna aliyenyanyua mkono. Alifikiri tumeelewa.

Urojo wa Jioni

Hapa sina utani.

Tope la Chwaka

Shikamooni nyote. Nimeletewa mjadala huu na binamu yangu, na nadhani mimi ndiye mpwa. Mjomba, ungeniambia kwanza.

Naomba niseme upande wangu. Niliomba nafasi nane katika miaka miwili. Mtihani wa Kiingereza nimeufanya mara mbili, kwa sababu matokeo yake yanakufa baada ya miaka miwili na wa kwanza ulikuwa unakaribia kufa. Nafasi zote nane, hakuna hata moja iliyotaja Pemba. Moja ilitaja "visiwa vya Afrika Mashariki", nikafurahi, kumbe ni Unguja. Siwalaumu sana. Taasisi ya bahari iko Unguja tangu 1978, maabara iko Unguja, na Chwaka kutoka mjini ni kama kilomita 30 za lami. Tope likichimbwa asubuhi, jioni liko kwenye friji. La Pemba lingelala bandarini.

Lakini baada ya kusikia maneno ya mjomba siku ile, nilimwandikia msimamizi. Nikamwambia: Chwaka nitaifanya yote kama ilivyoandikwa. Naomba uniruhusu nichimbe pahala pamoja zaidi, kusini ya Pemba karibu na Kisiwa Panza, ambako maji ya chumvi yameingia mashambani, nilinganishe tope la mikoko iliyosimama na la pale ilipokatwa. Amejibu jana. Amekubali. Fedha ya chombo na ya kusafirisha sampuli hana. Amesema nikipata njia mwenyewe, ataisoma hiyo sura na itahesabika.

Nahitaji boti siku tatu. Bomba la kuchimbia ninalo.

Karafuu Kavu

Kumbe swali linaingia kwa mlango wa nyuma. Nilisema mimi.

Mtepe Mkuukuu

Hukusema hivyo, Karafuu. Nimesoma tena juu. Mwanangu, mafuta ya siku moja niandikie mimi.

Taitai

Boti ya baba ipo, mashine ndogo lakini inatembea. Njoo bamvua, maji yatoke yote, maana maji mafu utachimba ukiwa umesimama kwenye maji. Utalala kwetu. Ila kuna sharti: karatasi ya maswali usije nayo, na ukimaliza kuchimba kaa na mama ukumbini umweleze tope hilo unalipeleka wapi. Usipotoa shuka jeupe atakusikiliza.

Tope la Chwaka

Nimekubali, dada. Shuka sina.

Dawati la Nyuma

Kabla hamjatia mafuta: kibali chako, binti, kimetaja eneo. Kama kimeandikwa Wilaya ya Kati, Unguja, basi Wilaya ya Mkoani, Pemba, huna ruhusa ya kuchimba hata kijiko. Kaongeze wilaya kwanza. Nenda asubuhi, kabla ya saa nne.