Fomu ya lanchi ya shule huku Marekani: tupeane uzoefu

Mama Wanne
Habari zenu ndugu zangu mlioko huku Marekani. Jana nilikuwa napekua begi la mwanangu wa darasa la pili, nikaikuta ile fomu ya chakula cha bure au cha punguzo. Imekunjwa mara nne, iko chini kabisa, imelowa juisi. Nikakaa nayo mezani, na mara nikakumbuka mwaka wetu wa kwanza, nilivyoificha juu ya friji miezi mitatu kwa ajili ya kale kasehemu kanakotaka namba nne za mwisho za soshali, yaani namba ya hifadhi ya jamii ya huku. Namba yenyewe sina, Kiingereza kinanipiga chenga, mume yuko kazini usiku na mchana. Watoto wakawa wanabeba wali wa jana kwenye kopo, wanaula umepoa. Mlijazaje nyinyi? Mlikwama wapi? Tupeane uzoefu, maana najua kuna mtu amewasili juzi na fomu yake iko juu ya friji hivi sasa.

Da Zuu
Yangu ilikaa kwenye kabati la viatu. Tuko wengi, mama.

Shifti ya Usiku
Mimi nilijaza siku ileile na bado nikakataliwa. Nalipwa kila baada ya wiki mbili, nikaweka tiki kwenye "kila wiki". Kwa hesabu yao nikawa na mshahara mara mbili ya ninaoupata. Barua ya kukataliwa ilinikuta nakunywa chai, nikaisoma mara tano nikijiuliza wamepata wapi hizo hela. Nikapiga simu ofisi ya chakula ya wilaya ya shule, dada akaniambia leta nyingine. Ikapita. Angalieni sana hapo: wiki, wiki mbili, mara mbili kwa mwezi na mwezi ni viboksi vinne tofauti. Halafu andikeni mshahara kabla ya makato, siyo kile kinachoingia benki.

Nyarugusu hadi Ohio
Mimi niliogopa kwa namna nyingine. Miaka kumi na sita kwenye kambi ya wakimbizi nilipanga foleni ya posho, na kadi yangu ikitobolewa kila mwezi. Tulipopanda ndege nilimwambia mke wangu kwamba foleni imekwisha. Kisha mtoto analeta karatasi ya chakula! Niliiangalia muda mrefu. Kumbe sikutakiwa hata kuijaza, sababu tulikuwa na SNAP, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, na shule ilipata majina ya watoto moja kwa moja kutoka serikalini. Wenye SNAP msihangaike na mshahara. Barua ya shule ikionyesha mtoto ameshaidhinishwa, fomu hiyo wekeni kando. Isipokuja, andikeni namba ya kesi tu. Namba ya KESI, siyo ile ndefu ya kwenye EBT, kadi ya kulipia kwa huo msaada. Shemeji yangu aliandika ya kadi, ikarudishwa.

Mchapakazi
Mimi nitasema ukweli hata kama hamtaupenda. Nina watoto watatu huku na sijawahi kujaza hiyo kitu. Nabeba boksi masaa sitini kwa wiki. Tulikuja kutafuta, hatukuja kuomba. Fungeni chakula nyumbani, watoto wajue jasho la baba.

Kijana wa Mvita
Mchapakazi, sisi Kenya tulikunywa maziwa ya Nyayo shuleni, ya bure, yale ya pakiti ya pembetatu. Mtoto wa daktari na mtoto wa hamali wote walipewa, na hakuna aliyetuita ombaomba. Chakula cha shule ni kama dawati. Na kodi si unakatwa? Basi umeshachangia.

Mchapakazi
Maziwa walipewa wote. Hapa unaandika mshahara wako kwenye karatasi wausome. Ni tofauti.

Da Zuu
Wanaosoma wamefungwa na sheria wasiitangaze. Na mtoto hapewi trei ya rangi yake wala foleni yake. Anabonyeza namba yake kwa keshia kama wenzake.

Umu Nasra
Nimesoma hapa juu kuhusu kwa keshia, mikono imeanza kunitetemeka. Hili sijawahi kulisema nje ya nyumba yangu.

Ilikuwa 2016, tuna miezi saba nchini, kesi yetu ya hifadhi bado haijasikilizwa. Binti yangu ana miaka minane. Fomu ilipokuja, mama mmoja tuliyekuwa tunafanya naye usafi hotelini akaniambia, ukitia saini hapo umejiandikisha kuwa mzigo wa serikali, kesi yako kwisha. Nikaichana. Nikawa naweka hela kwenye akaunti ya lanchi ya mtoto, dola kumi nikiwa nazo, tano nikibanwa. Mume wangu alipoumia mgongo sikuweka kitu. Shule ikatuma karatasi za deni. Sikuzielewa, nikadhani ni matangazo, nikawa nafungia vitunguu.

Siku hiyo nimerudi saa kumi na moja jioni, nyumba kimya. Naita, haitiki. Nasikia maji bafuni. Nafungua mlango, namkuta amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, anausugua mkono wake wa kushoto kwa ile waya ya kusugulia sufuria. Ngozi imekuwa nyekundu, pembeni panavuja damu. Nikampokonya. Pale mkononi kulikuwa na muhuri wa wino umeanza kufifia, ila maneno yanasomeka: nahitaji hela ya lanchi. Wamemgonga muhuri mwanangu kama gunia la bandarini. Na ilikuwa mara ya tatu! Siku mbili za kwanza alishusha mikono ya sweta nisione.

Kidogo kidogo akanieleza. Alifika kwa keshia na trei yake ya viazi na mahindi, wakaichukua wakaimwaga kwenye pipa, wenzake wanaangalia, akapewa mkate baridi na kipande cha jibini. Nikasema kesho naenda. Akanishika kanga: "Mama usiende, watakasirika, watatukatalia kukaa." Mtoto wa miaka minane anaibeba kesi yetu kichwani.

Nilienda na mkalimani kutoka msikitini. Dada wa ofisini alikuwa muungwana, naye aliumia. Alinipa fomu nyingine, akaweka kidole kwenye kiboksi kinachosema huna namba ya soshali, akasema weka tiki hapa, basi. Hakuna mahali walipouliza makaratasi yetu. Dakika kumi, ndugu zangu. Dakika kumi nilizoziogopa miezi saba. Deni la nyuma halikufutwa, nililipa kidogo kidogo mpaka Desemba. Kesi yetu ilikuja kupita na lile jambo la chakula halikutajwa hata mara moja. Binti yangu sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwaka jana kwenye harusi ya binamu yake wasichana wote walipakwa hina, yeye akaficha mikono.

Mama Wanne
Pole, dada yangu. Pole sana. Nimekaa na hii fomu mkononi nalia.

Shifti ya Usiku
Nimesoma nikiwa mapumzikoni. Sandwichi imebaki hapo hapo.

Mchapakazi
Dada Umu Nasra, pole. Nina binti wa umri huohuo. Sikujua kama walikuwa wanafanya hivyo.

Kijana wa Mvita
Walikuwa wanafanya, na siyo shule moja. New Mexico ndiyo iliyotangulia kutunga sheria ya kuwakataza, mwaka 2017, na majimbo mengine yakafuata. Kuhusu kesi: kanuni ya mzigo wa serikali ilipotoka 2022 ilihesabu fedha taslimu za kujikimu na mtu kutunzwa muda mrefu kwenye taasisi kwa gharama ya serikali. Chakula cha shule hakikuwemo. Mwenye kesi amuulize mwanasheria wake, asimuulize jirani wa kazini.

Bwana Hesabu
Poleni nyote. Nirudi kwenye fomu. Kama baba ana ovataimu ya msimu, msiiandike, na kama mume na mke wana majina tofauti, mwandike mama peke yake. Ndivyo nilivyofanya.

Da Zuu
Usiwafundishe watu hivyo! Kila mwaka wilaya inachagua baadhi ya fomu na kudai ushahidi wa kipato, na kazi hiyo inatakiwa iishe kufikia tarehe 15 Novemba. Usipojibu barua, watoto wanatolewa. Mimi nilichaguliwa. Nilipeleka karatasi za mshahara, nikalala usingizi wangu.

Bwana Hesabu
Mimi miaka minne hawajaniita.

Da Zuu
Na unatia saini kwamba umesema kweli. Kama ovataimu siyo ya kila mara, fomu yenyewe inakuruhusu uandike kipato chako cha kawaida. Njia ya haki ipo, kwa nini upite dirishani?

Mjukuu wa Bibi
Jamani, na hela ninayotuma nyumbani? Kila mwezi dola mia tatu kwa mama na ada ya mdogo wangu. Inatolewa?

Shifti ya Usiku
Haitolewi. Inauma, najua. Lakini hesabu watu wote mnaoishi na kula pamoja, watoto wachanga wakiwemo. Kwa mwaka wa shule 2025/26, familia ya watu wanne inapata bure kipato kikiwa hadi dola 41,795 kwa mwaka, na punguzo hadi 59,478. Alaska na Hawaii wana viwango vyao vya juu zaidi. Punguzo ni senti 40 kwa lanchi na senti 30 kwa chai ya asubuhi, haiwezi kuzidi hapo.

Mama Pendo wa Maine
Mbona mnajitesa? Shule za huku hakuna fomu, watoto wote wanakula bure.

Mjukuu wa Bibi
Si kweli. Mimi niko Texas na nalipa.

Mama Pendo wa Maine
Kwani mimi ninadanganya ili iweje?

Kijana wa Mvita
Wote mko sawa, msigombane. Maine na California waliweka chakula bure kwa wote tangu 2022. Minnesota, Colorado, Vermont, Michigan, Massachusetts na New Mexico wakafuata mwaka uliofuata. Kwingine kwingi inategemea shule. Kuna mpango unaoitwa CEP: shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini zinalisha wote bila fomu. Kiwango cha kuingia kilikuwa asilimia 40 ya watoto, 2023 kikashushwa hadi 25. Mjukuu, uliza shule yako. Huenda shule ya mtaa wa pili ni bure na yako siyo.

Mama Pendo wa Maine
Sawa, sikujua ya Texas. Nisamehe mjukuu wangu.

Da Zuu
Jambo jingine lililonichoma. Mwaka jana mwanangu alikula bure Agosti na Septemba yote, nikajua mambo yamekaa sawa. Oktoba deni likaanza kuja. Kumbe idhini ya mwaka uliopita inaendelea siku 30 za shule tu, kisha inakatika. Jazeni kila mwaka. Na mtu akipunguziwa masaa kazini hata Februari, ajaze upya siku hiyohiyo.

Nyarugusu hadi Ohio
Fomu ipo hata kwa Kiswahili. Nilimuonyesha mke wangu, akaisoma kwa sauti kama gazeti.

Shifti ya Usiku
Wenye watoto wakubwa: ukipitishwa, mtoto anaweza kusamehewa ada ya SAT, mtihani wa kuombea chuo. Na majimbo yaliyojiunga yanatoa dola 120 za chakula kwa kila mtoto wakati wa likizo ya kiangazi. Mpeni keki mtoto aliyeleta karatasi bila kuipoteza.

Mchapakazi
Swali. Tuko watano, mke wangu amejifungua Juni. Mtoto wa miezi mitatu naye anaandikwa?

Umu Nasra
Anaandikwa, kaka. Hongereni.

Mama Wanne
Nimejaza hapa hapa mezani. Tumekuwa saba, na wifi anayelala sebuleni. Namba ya soshali sasa ninayo, nimeandika zile nne. Nimebakiza mstari mmoja: kijana wangu wa miaka 16 anafanya kazi Jumamosi dukani. Mshahara wake unaingia?

Da Zuu
Unaingia. Kuna sehemu ya kipato cha watoto, andika hapo. Kisha utie saini, na kesho ukampe mwalimu mwenyewe mkononi, usiirudishe kwenye begi.