Naomba ushauri: kufunga invata kwenye mashine ya zamani ya mbao

Habari za kazi, mafundi wenzangu. Nina karakana ndogo hapa Moshi, na mashine ya zamani ya Marekani, ile moja inayopasua, inayotoboa na kukereza. Mota yake ni ya fezi moja yenye kapasita, volti 115, hezi 60. Naiendesha kwa transfoma, na kwa umeme wetu wa hezi 50 inachemka haraka. Spidi hubadilishwa kwa puli zinazobana na kuachia mkanda, na puli zenyewe zimelika. Juzi nilikuwa nakereza mguu wa kitanda wa mninga, mkanda ukateleza, patasi ikaruka na kuacha kidonda kirefu kwenye huo mguu. Iliniuma sana, mninga ni ghali.

Nimebadilisha mkanda mara mbili, nafuu haikufika wiki. Sasa nataka kufunga invata, kifaa cha kubadilisha spidi ya mota kwa umeme badala ya puli, lakini fundi umeme kasema haipatani na mota ya kapasita. Kaniambia nitafute mota ya fezi tatu, volti 230/400, niifunge delta (muunganisho wake wa volti 230), maana umeme wangu ni fezi moja na invata itaugeuza kuwa fezi tatu za volti 230.

Je, mota ya kilowati 1.5 itahimili kukereza kwa spidi ndogo bila kuishiwa nguvu na kuungua? Na invata niifunge wapi isiingiwe na vumbi la mbao, lakini ipate hewa? Waliowahi kufanya, naombeni mnisaidie. Asanteni.